Mdomo mwekundu haumfanyi ndege kuwa kwelea

Mvua za masika zikikatika na mpunga ukishavunwa, nyua za Ifakara hugeuka kuwa sehemu ya shamba. Kuanzia Kibaoni hadi Mlabani, maturubai hutandikwa mbele ya nyumba, mpunga humwagwa juu yake upigwe na jua, na mtoto mmoja hupewa fimbo na kigoda cha kukalia kivulini. Kazi yake ni kufukuza. Kuku akija, mtoto anajua ni wa jirani gani. Ndege akija, awe mwekundu au wa kijivu, mdogo au mkubwa, jina lake ni moja tu: kwelea.

Jina hilo limebeba hasira, na hasira yenyewe ina sababu. Kwelea kwelea ndiye ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku anaweza kula nafaka gramu 10. Angekuwa peke yake, nani angemjali? Lakini haji peke yake. Wanakuja kama moshi, maelfu kwa maelfu, na kundi la ndege milioni moja linaweza kumaliza tani 10 kwa siku. Mkulima aliyekopa fedha za trekta hahitaji kuelezwa hesabu hiyo mara mbili.

Ndiyo maana katika bonde la Kilombero kuamia ndege ni kazi ya familia nzima. Mpunga unapoanza kuweka maziwa, familia nyingi huacha nyumba zao na kwenda kukaa shambani, kwenye vibanda, kwa wiki au hata miezi. Dungu linajengwa, kamba zinafungwa makopo, watoto wanashika kombeo na manati. Mtoto aliyekulia juu ya dungu hujifunza mapema kulenga, na alama anayofundishwa ni mdomo mwekundu. Ukiuona, piga.

Tatizo ni kwamba yupo ndege mwingine mwenye mdomo mwekundu. Huyu hatembei na jeshi. Anaishi uani, hatua chache kutoka jikoni, na watoto wengi wanamwona kila siku bila kujua kwamba si kwelea. Manati hayaulizi.

Anayefuata kinu

Vitabu vya ndege vinamwita Lagonosticta senegala. Kwa mtoto, jina linalotosha ni kidege mwekundu. Ana urefu wa sentimita 10 tu kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, na uzito wake ni gramu 8 au 9, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Dume ni mwekundu kichwani na kifuani, rangi ya pilipili iliyokauka, na mgongo wake ni wa kahawia. Ubavuni ana vidoa vidogo vyeupe, kana kwamba amenyunyiziwa chumvi, na jicho lake limezungushiwa mstari mwembamba wa njano. Jike ni wa kahawia karibu mwili mzima, lakini ana wekundu kidogo kati ya mdomo na jicho, na mwingine kwenye shina la mkia. Akiruka, wekundu ule wa nyuma ndio unaomsaliti.

Ndege huyu anapatikana kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini, na kila mahali ana tabia ileile ya kuwafuata binadamu. Anajenga kiota kwenye paa la nyasi, kwenye tundu la ukuta wa udongo au ndani ya ua wa michongoma. Kiota chenyewe ni mviringo wa nyasi kavu uliotandikwa manyoya ndani, na manyoya ya kuku yakiwapo karibu anayachukua bila aibu. Chakula chake kikuu ni mbegu ndogo za majani zilizoanguka chini, pamoja na wadudu wadogo kama mchwa. Mama anapotwanga na kupeta, chenga zinazoruka nje ya ungo ni karamu yake. Anaokota kilichoanguka. Shambani hatamkuta mtu akining'inia kwenye masuke ya mpunga ulioiva, kwa sababu kazi yake ni ardhini.

Basi mtoto atamtofautishaje na kwelea, ikiwa wote wawili wana mdomo mwekundu? Alama ya kwanza na ya uhakika ni mgongo. Kwelea ana mgongo wenye michirizi, kahawia na nyeusi, kama shomoro wa dukani. Kidege mwekundu hana hata mchirizi mmoja. Mgongo wake ni kama kitambaa cha rangi moja. Mtoto akipaza sauti, "Mama, kwelea!", jibu zuri ni "Mwangalie mgongo." Swali hilo linamlazimisha kunyamaza, kusimama na kutazama, na ndege wengi wamepona kwa sababu ya sekunde hizo tano.

Mdomo nao, ukiangaliwa vizuri, hautoi jibu moja. Wa kwelea ni mnene, umejaa kama wa ndege aliyezoea kuvunja punje ngumu. Wa kidege mwekundu ni mdogo na mwembamba zaidi. Tena kwelea jike, wakati wa kuzaliana, mdomo wake hugeuka kuwa wa njano, kwa hiyo yule anayetegemea rangi ya mdomo peke yake anakosea mara mbili: anamlaumu asiye na hatia, na anamwachia mwizi.

Kisha kuna idadi. Kidege mwekundu huja na mwenzi wake, au na watoto wake wanne watano. Ukihesabu ukafika kumi na bado wanashuka, hao ni wengine.

Hatakuwa mgeni pekee uani. Atakuja na wa bluu, mwembamba, mwenye tumbo la kahawia hafifu na mkia mrefu kidogo. Katika sehemu kubwa ya Tanzania dume wa huyu wa bluu ana shavu jekundu kama aliyepakwa rangi, na kusini yupo ndugu yake asiye na shavu hilo. Watakuja tongo, wadogo, wenye vichwa vyeusi na matumbo meupe, wanaokaa wamebanana kwenye waya kama watoto kwenye benchi la shule. Watakuja minana, wale wa njano wanaochana majani ya mnazi kwa ajili ya viota vyao na kupiga kelele mchana kutwa. Ni haki kusema ukweli: tongo na minana hula mpunga pia, japo si kwa kiwango cha kwelea. Mzazi asimdanganye mtoto kwamba kila ndege mzuri hana makosa.

Lakini mwenye hadithi kuliko wote ni mweusi anayeng'aa, Vidua chalybeata, anayeonekana juu ya waya au tawi tupu karibu na nyumba. Jike lake hajengi kiota. Anavizia kiota cha kidege mwekundu, anataga humo, anaondoka. Kinda wake akianguliwa hawasukumi wenzake nje, kama wanavyofanya baadhi ya ndege wenye tabia hiyo. Anakua pamoja nao. Siri iko ndani ya mdomo. Makinda ya kidege mwekundu yana madoa ya pekee kinywani, ambayo wazazi huyaona yanapoachama kuomba chakula. Kinda wa mgeni ana madoa yanayofanana na hayo, hivyo analishwa sawa na wengine. Dume akikua, anaimba nyimbo zake mwenyewe na kuchanganya nyimbo alizozisikia kwa baba aliyemlea. Mtoto wa darasa la nne akisimuliwa haya jioni, kesho yake hatahitaji kuamshwa ili atoke nje kutazama. Na ataelewa pia kwamba akimuua kidege mwekundu, yule mweusi naye hana pa kutagia.

Chakula kidogo, maji ya siku moja

Kumvuta kidege mwekundu hakuhitaji kifaa cha kununua. Vile vyombo vya kuning'iniza ambavyo watu wa Ulaya na Marekani hufunga kwenye miti ya bustani havimfai, maana yeye ni ndege wa chini. Kinachomfaa ni ungo mkuukuu uliowekwa ardhini, au kipande cha ardhi kilichofagiliwa vizuri, chenye ukubwa wa mkeka mdogo wa kuswalia.

Nafaka iwe ndogo. Uwele na ulezi ndizo bora. Chenga nyembamba za mchele zinafaa. Mtama ni mkubwa kwa mdomo wake. Konzi moja ya mtoto, mara moja kwa siku, asubuhi, inatosha. Lengo ni kiishe kabla ya jua kutua, kwa sababu kinachobaki usiku ni cha panya, na panya wakizoea uani nyoka hawako mbali. Wali uliopikwa kwa chumvi usiwekwe, wala nafaka iliyoota ukungu, kwa sababu sumukuvu inayomdhuru mtoto inamdhuru na ndege. Na mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya waridi au nyekundu, ni sumu. Hizo zisiguswe na mtoto kabisa, achilia mbali kulishwa ndege.

Mahali pa kuweka pana umuhimu kuliko chakula chenyewe. Ungo ukikaa katikati ya uwanja mtupu, ndege hatashuka kwa kuogopa mwewe. Ukikaa chini ya kichaka, paka atajificha humo. Hatua tatu kutoka kwenye ua wa michongoma au minyaa ni nafasi nzuri: ndege anapata pa kukimbilia, na paka analazimika kutoka wazi kabla ya kuruka. Saa iwe ileile kila siku. Siku za mwanzo hatakuja mtu. Kisha atakuja mmoja, atasimama mbali, ataondoka. Baadaye atazoea, kwani ni ndege mpole. Aliyezoea nyumba huokota chenga karibu kabisa na miguu ya anayetwanga.

Kuku nao wana haki zao. Kideri ni ugonjwa unaomaliza banda zima, na ndege wa porini wanaweza kuubeba. Sehemu ya ndege isiwe sehemu ya kulishia kuku, na vyombo visichangiwe. Ungo upanguswe na kuanikwa juani kila siku chache. Akionekana ndege aliyejikunyata, manyoya yamevimba, haruki hata akifuatwa, chakula kisimamishwe kwa wiki mbili ili waliobaki watawanyike. Ndege aliyekufa asiokotwe kwa mikono mitupu, na wakionekana kadhaa wamekufa kwa pamoja, afisa mifugo apewe taarifa. Mtoto anayehudumia ungo anawe kwa sabuni. Hilo halina mjadala.

Yakija maji, Ifakara ina sababu zake za kuwa makini kuliko miji mingine. Mji huu umejulikana duniani kwa mbu. Maabara ndogo iliyoanzishwa hapa na Waswisi mwaka 1957 ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na watafiti wake wametumia miaka mingi kuchunguza malaria, mbu na vyandarua katika vijiji vya bonde hili. Mzazi wa Ifakara akiambiwa aweke maji uani kwa ajili ya ndege, ana haki ya kushtuka.

Jibu liko kwenye kalenda ya mbu mwenyewe. Tangu yai litagwe majini mpaka mbu aruke huchukua wiki moja hadi mbili kwenye joto la huku. Maji yanayomwagwa kila asubuhi hayampi nafasi. Kwa hiyo chombo kiwe kidogo na kisicho na kina: kifuniko cha ndoo, sinia kuukuu au sahani ya udongo, maji yasizidi kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la ndege kusimamia. Kila asubuhi maji yamwagwe kwenye mche wa mpapai, chombo kisuguliwe kwa mkono ili mayai yaliyogandia pembeni yatoke, kisha yawekwe mapya. Familia isiyoweza kuifanya kazi hiyo kila siku isiweke maji kabisa, iweke nafaka tu. Ni heri ndege akanywe mtoni kuliko mtoto akalazwe.

Kwa familia inayoweza, maji yanashinda chakula. Mwezi Septemba na Oktoba, majani yamekauka na joto limekaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, na ndege ambao hawali nafaka huja kuoga. Chozi watashuka kutoka kwenye maua ya mpapai na mgomba, wakimetameta, na mtoto ataona kwamba mdomo wao uliopinda umeumbwa kwa kazi nyingine kabisa.

Kuna jambo moja linaloudhi majirani: majani. Ua safi, kwa desturi, ni ua uliofagiliwa hadi udongo. Lakini mbegu za majani ndizo chakula halisi cha kidege mwekundu, na pembe moja ya uwanja ikiachwa majani yakomae, yale marefu yenye mbegu, inaleta ndege wengi kuliko gunia la uwele. Pembe hiyo iwe mbali na mlango na mbali na choo, isizidi upana wa kitanda, na ifyekwe mbegu zikishaanguka. Bibi akilalamika kuhusu nyoka, asipuuzwe. Ipunguzwe.

Na wakati mpunga umeanikwa, ungo wa ndege upumzike. Vilevile usiwekwe karibu na shamba lililo katika maziwa. Haifai kumwalika mgeni kisha kumpiga kwa kuingia chumba kisicho chake.

Kuhusu tundu la kufugia, jibu ni fupi. Videge hawa wekundu na wa bluu walikuwa miongoni mwa ndege waliokamatwa kwa wingi na kuuzwa nje ya nchi wakawe pambo la nyumba za watu, mpaka Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mtoto akitaka kumiliki ndege, apewe daftari. Aandike tarehe, saa, wangapi, wamefanya nini. Simu ya mzazi ikisogezwa taratibu inaweza kupiga picha ya mgongo, na jioni wote wakaikuza kwenye kioo na kubishana.

Hadi Kivukoni

Familia iliyozoea kutazama mgongo na kuhesabu inaweza kutoka siku moja ya Jumapili, kusini mwa mji, kuelekea Mto Kilombero. Zamani safari ya kwenda Ulanga na Malinyi ilisimama hapo kusubiri kivuko. Tangu Mei 2018 kuna Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na magari yanapita bila kutazama chini. Ni hasara yao, maana chini kuna matete, na kwenye matete kuna ndege ambaye hapatikani katika nchi nyingine yoyote, wala katika bonde lingine lolote la Tanzania.

Ni mnana wa Kilombero, Ploceus burnieri. Kwa mbali ni wa njano kama minana wengine. Kwa karibu, dume ana uso mweusi, na weusi huo unateremka kooni hadi juu ya kifua, kama mtu aliyevaa tai fupi. Anajenga kiota kwenye matete yaliyosimama juu ya maji. Wavuvi na abiria wa kivuko wamepita chini ya viota vyake tangu zamani, lakini kwa sayansi ni wa juzi tu: Neil na Liz Baker, waliotumia miaka mingi kuandika habari za ndege wa Tanzania, ndio waliotangaza mwaka 1990 kwamba huyu si mnana wa kawaida. Walichofanya hakikuwa tofauti sana na mchezo wa uani. Walimtazama ndege ambaye kila mtu alidhani anamjua.

Bonde lenyewe limejaa visa vya namna hiyo. Kwenye mbuga hizihizi za maji wapo ndege wengine wawili wadogo wa kahawia, wa kabila la wale wanaorukaruka ndani ya nyasi na kuimba bila kuonekana. Kwa miaka mingi watafiti walijua kwamba wapo, lakini hawakuwa na jina. Walipewa majina rasmi mwaka 2021, na mmoja wao, Cisticola bakerorum, ameitwa kwa heshima ya haohao akina Baker. Na juu ya milima ya Udzungwa, inayoonekana upande wa magharibi unapopita Mang'ula, kuna kware aliyegunduliwa kwa njia ya ajabu. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa kambini msituni waliona kwenye sufuria ya mboga miguu ya ndege wasiyemfahamu. Kitoweo kile kilikuwa cha aina mpya kabisa kwa sayansi, na akatangazwa rasmi mwaka 1994. Mtu angeweza kula tu akalala.

Mnana wa Kilombero yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na ni rahisi kuona kwa nini. Mbuga hizi zimetambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002, karibu kilomita za mraba 8,000, maarufu kwa sheshe wanaolisha kingoni mwa maji. Lakini hapohapo ndipo penye udongo mzuri wa mpunga. Matete yanafyekwa, yanachomwa, yanageuzwa majaruba. Watu wanataka kula, na hakuna mzazi atakayemwambia mwingine aache kulima.

Kilicho kigumu zaidi ni sumu. Kwelea wakizidi, Serikali hunyunyizia dawa kwa ndege jioni mahali wanapolala, na dawa inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni fenthion, inayoua pia bundi, tai na ndege wadogo waliolala tawi moja na kwelea. Kwelea wanapenda kulala kwenye matete. Mnana wa Kilombero anazaa kwenye matete. Ndege wa chuma ikishapita, hakuna cha kutazama mgongo. Nafasi ya kuwatenganisha iko kabla yake, siku ile mkulima anapokwenda kwa afisa ugani kutoa taarifa kwamba kwelea wamelala mahali fulani. Taarifa inayosema pia kwamba "kwenye matete yale kuna viota vya minana wa njano wenye vifua vyeusi" ni taarifa tofauti na inayosema "ndege wamejaa." Mtu wa kuiandika ni yule aliyepanda kwenye dungu siku nzima na anayajua matete yale kuliko afisa yeyote, na mara nyingi mtu huyo ana miaka kumi na miwili.

Ndege waliokufa kwa dawa wasiliwe, hata wakiwa wengi na wanene. Watoto waelezwe hilo mapema, kwa sababu njaa ya shambani inashawishi.

Kwa wanaokwenda Kivukoni, saa nzuri ni asubuhi, kuanzia saa 12:30 hadi saa 3, kabla jua halijakaza. Bodaboda na bajaji za kutoka mjini zinafika. Gari liegeshwe nje ya barabara kabla ya kufika darajani, na watoto wasisimame juu ya daraja lenyewe, kwani malori ya mpunga hayapunguzi mwendo. Asitokee wa kushuka hadi kwenye maji kuangalia kiota kwa karibu. Mto huu una mamba na viboko, na kiboko akiwa ndani ya matete haonekani mpaka atake kuonekana. Darubini ya kuazima inatosha kwa watu sita, mradi kuwe na zamu, na mdogo aanze.